Ganzi na Kushikwa

Wewe unayeinuliwa kidevu na muuguzi kwenye benchi kwa sababu umesinzia jina lako likiitwa, ninaandika kwa ajili yako. Umeambiwa wewe ni mvivu, au mlevi, au mchawi anayekesha usiku ndiyo maana analala mchana, na labda umeanza kuamini mojawapo. Nimepita humo miaka minane. Sijapona, kwa sababu ugonjwa huu hauponi, lakini ubaya wake mkubwa umeshanipita. Na sehemu kubwa ya ubaya huo haikutoka kwenye ugonjwa.

Naitwa Debora. Nimezaliwa Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida, kwa Wanyaturu. Nilisomea ualimu wa Kiingereza, nikapangiwa sekondari moja ya wilaya ya Mkalama, mwendo wa pikipiki kutoka Nduguti. Huko ndiko nilikoolewa na Elia, Mnyiramba, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpole asiyependa ugomvi. Upole huo niliupenda sana mwanzoni.

Usingizi ulianza msimu wa kuvuna alizeti, mwaka mmoja kabla sijabeba mimba. Haukuwa usingizi wa uchovu. Uchovu unakupa taarifa, unapiga miayo, unatafuta pa kuegemea. Huu ulinikuta katikati ya neno. Nilikuwa naandika ubaoni, nikizinduka nakuta mstari wa chaki umeteremka kutoka kwenye herufi hadi ukingoni, na darasa zima linanitazama. Nikisahihisha madaftari, mkono uliendelea kuandika wenyewe vitu ambavyo baadaye sikuweza kuvisoma. Wanafunzi wakaniita Mwalimu Pono, kwa yule samaki anayesemwa analala sana. Siku moja nilisinzia mezani, wakanipaka chaki nyusi hadi kidevu, nami nikaenda kufundisha kipindi cha darasa jingine hivyo hivyo bila kujua. Mpishi wa shule ndiye aliyenionea huruma akanipa maji ya kunawa.

Mkuu wa shule aliniita ofisini mara mbili kuninusa. Alisogeza uso karibu na mdomo wangu kabisa, akavuta pumzi. Hakukuta pombe. Aliandika barua ya onyo hata hivyo.

Kisha miguu ikaanza kuniacha kila nikicheka. Kwanza taya linakuwa zito, halafu shingo, halafu magoti yanakatika kama ya mtu aliyepigwa nyuma. Si kuzimia. Aliyezimia hajui kitu, lakini mimi nilisikia kila neno lililosemwa juu yangu, nikiwa chini, mdomo umelegea, siwezi hata kumeza mate. Dakika moja au mbili, kisha mwili unarudi. Kicheko kidogo cha kawaida hakikuwa na shida. Ni kile cha kutoka moyoni, kile ambacho hujakipanga.

Yona, mdogo wake Elia, ndiye aliyeligundua hilo kabla yangu. Yona ni mchekeshaji, kila sherehe ya ukoo anashika kipaza sauti. Kwenye harusi ya dada yao, nikiwa na mimba ya miezi mitano, alinifuata nilipokuwa nimesimama na sinia la vinywaji, akaanza kumwigiza mkuu wangu wa shule anavyonusa watu. Nilianguka na soda zote. Mtu mmoja akasema nisimamishwe, na nilipopata nguvu Yona akaanza tena. Nilimwomba aache. Niliomba huku nacheka, na hilo ndilo lililowachekesha zaidi. Nilianguka mara tatu siku ile. Kuna mtu alirekodi kwa simu, na kabla ya wiki kuisha video ilikuwa kwenye kundi la ukoo, ikiwa na muziki.

Mara ya tatu nilianguka nimeelekea upande aliokaa Elia. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Sitakuhesabia hospitali zote. Nilitibiwa malaria, nikatibiwa upungufu wa damu, nikatibiwa taifodi. Kipupwe cha mwaka ule nilipewa vidonge vya kifafa, nikalala mchana na usiku, nikiamka kula ugali wa uwele na mlenda na kurudi kulala. Nilinenepa hadi sketi za shule zikakataa kufungika. Jino la mbele lilikatika kwenye ukingo wa sinki la shule. Mapaja yangu yalikuwa na alama za rangi ya kijani na zambarau, na muuguzi mmoja alinipeleka pembeni kuniuliza kama mume wangu ananipiga. Nilitamani kusema ndiyo. Hilo angalau lingeeleweka.

Kwenye foleni nilijifunza kukaa mwisho wa benchi, upande wa ukuta, mkoba nimeuzungushia mkono mara mbili. Nilijifunza pia kumwambia jirani yangu mapema: nikisinzia, tafadhali niamshe wakiita Debora. Wengi waliniamsha. Mmoja alinipita akaingia yeye.

Naomi alizaliwa wakati wa mvua za mwanzo, mzima kabisa. Alipofikisha miezi minane alikuwa ameanza kutambaa, na alikuwa na tabia ya kumwigiza kuku wetu, anainua shingo na kutoa sauti kama ya jogoo aliyepaliwa. Asubuhi moja nilikuwa jikoni nimemshika ubavuni, sufuria ya uji iko kwenye mafiga, kuku akapita mlangoni. Naomi akamwita. Nilijua kinachokuja. Nilijaribu kufikiria msiba, nilijaribu kumfikiria baba yangu aliyekufa, kitu chochote cha kunizuia kucheka. Alimwita kuku mara ya pili, akanitazama kuona kama nimependa.

Mkono wake wa kushoto uliungua kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni. Nilikuwa nimelala ubavu kando yake, macho wazi, namwona na kumsikia, na sikuweza kunyoosha hata kidole. Jirani ndiye aliyemwokota.

Mama mkwe alikuja siku hiyo hiyo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida kabisa. Hakunifokea. Alifunga nguo za mtoto kwenye kitenge, akasema, "Mama Naomi, kikombe kikivunjika tunanunua kingine. Huyu hatununui." Nilimtazama Elia. Elia akatoka nje kwenda kumtafutia pikipiki.

Mama yangu ndiye aliyenipeleka Dodoma. Tulipewa rufaa, tukangoja tarehe, tukaenda wakati watu wanapalilia. Tulikaa kwenye korido ya hospitali toka asubuhi, nikilala begani kwake na kuamka, nikilala na kuamka, na kila nikiamka alikuwa ananiambia tumesogea kiti kimoja. Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alisoma karatasi zangu zote, akaziweka pembeni, akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kwa miaka miwili.

"Ukicheka inakuwaje?"

Nililia hadi akaniletea karatasi ya kufutia uso. Vipimo vilichukua siku kadhaa. Mwisho aliandika neno moja kwa herufi kubwa ili nilisome vizuri: NARCOLEPSY. Alisema ni ugonjwa wa ubongo, si wa akili na si wa mashetani, na kwamba kuna vidonge vya kupunguza kule kuanguka na vingine vya kunisaidia kukaa macho, ingawa hivi vya pili ni vigumu kupatikana.

Mimi ni mwalimu wa lugha, kwa hiyo nilifanya ambacho ningemwambia mwanafunzi afanye. Tukiwa stendi tunasubiri basi nilifungua kamusi kwenye simu na kutafuta neno hilo limetoka wapi. Liliundwa zamani na daktari Mfaransa, kwa vipande viwili vya Kigiriki. Narke ni ganzi. Lepsis ni kushika, kukamata. Ganzi na kushikwa. Nikasoma zaidi, kwamba Wagiriki walitumia lile neno la ganzi pia kumwita samaki mmoja wa baharini anayemtia ganzi kila anayemgusa. Nilimsomea mama: hata hao wazee wa kale walikuwa na samaki wao, kama wanafunzi wangu. Mama alisema basi kumbe nina ukoo mkubwa. Nililegea pale pale kwenye benchi, akanishikilia, na ilikuwa mara ya kwanza kuanguka bila kuona aibu.

Nilirudi Mkalama nimekunja ile karatasi kwenye Biblia. Niliamini kwamba neno likishajulikana, mambo yamekwisha. Nilimweleza Elia yote, vipande viwili na maana zake, hata samaki. Alisikiliza kwa makini. Siku ya pili yake aliichukua karatasi akaipeleka kwa mchungaji wetu.

Mchungaji alikuwa amesoma chuo cha theolojia na alijivunia Kigiriki chake. Mara nyingi kwenye mahubiri alikuwa akisimamisha neno moja na kulifungua. Alikuja nyumbani na mama mkwe na wazee wawili wa kanisa, wakaketi sebuleni, akaiweka ile karatasi juu ya meza.

"Mwalimu, umelitafsiri mwenyewe hili?"

Nikasema ndiyo.

"Umelitafsiri sawasawa. Lepsis ni kushikwa. Hawa madaktari wanajua wanachoandika, hawasemi tu wazi." Akamgeukia mama mkwe. "Mtu hashikwi bila mwenye kumshika."

Nilimwambia kwamba ni namna ya kusema tu. Alitabasamu kama ninavyotabasamu mimi mwanafunzi akikataa kosa lake. Wao wakaanza kuzungumza Kinyiramba, nami Mnyaturu nikawa nasikia nusu, na hiyo nusu ilitosha. Neno nililolibeba kutoka Dodoma kama cheti cha kunisafisha lilikuwa sasa ushahidi dhidi yangu, na mimi ndiye niliyewatafsiria.

Walisema wakinifungua, mtoto atarudi. Kwa ajili ya hilo nilikubali.

Nyumba ya maombi ilikuwa nje ya kijiji, na ilikuwa mwishoni mwa Januari, mvua na ule upepo wa kwetu usiokoma. Nilikaa siku tisa. Vidonge nilivyokuwa nimevitumia kwa majuma matatu walivichukua, eti nisichanganye. Akina mama wa maombi walipokezana kunikesha, kwa sababu waliamini yule aliyenishika ananiingilia usingizini. Nikifumba macho walinimwagia maji. Maji yalipozoeleka, walinipaka pilipili kwenye kope. Kuna mama mmoja niliyemfundishia watoto wake wawili, na yeye ndiye aliyekuwa na kofi zito kuliko wote. Kila aliponipiga alisema samahani mwalimu. Nilikuwa naota nikiwa nimesimama, naona watu wamejaa chumbani ambao hawakuwepo, na nilipowaeleza kwamba nawaona, waliandika majina ya niliowataja.

Katika siku hizo tisa sikuanguka hata mara moja. Hapakuwa na cha kunichekesha. Wao wakasema nimefunguliwa.

Walifanya ibada ya shukrani uwanjani kwa baba mkwe. Wali ulipikwa, viti vya plastiki vikapangwa, ukoo ukaja. Mchungaji aliniambia kabla kwamba nitasimama nishuhudie, kisha mama mkwe atanikabidhi mtoto mbele ya watu. Nilijua sijapona. Mkono mmoja ulikuwa umeshaanza kuniangushia vitu. Lakini nilikuwa sijamgusa mwanangu kwa miezi mitano.

Nilisimama nikasema, "Nilikuwa nimeshikwa. Sasa nimefunguliwa." Watu wakapiga makofi. Ndiyo, nilisema uongo mbele ya Mungu na mbele ya ukoo, na ningeusema tena.

Mama mkwe alimleta Naomi. Alikuwa sasa anatembea, sikuwa nimewahi kumwona akitembea. Amevaa gauni la njano, ule mkono wake umekunjamana na kung'aa, na anakuja kwangu peke yake, hatua kwa hatua, amenyoosha mikono. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Nilikuwa nimekaza meno kwa ajili ya Yona, kwa ajili ya kuku, kwa ajili ya kila kitu. Sikuwa nimejiandaa kwa furaha.

Nilianguka kabla hajanifikia. Ule ndio ulikuwa muda mrefu kuliko wote, kwa sababu, kama daktari alivyokuja kunieleza, vile vidonge havikatizwi ghafla. Tafadhali shika hilo, kama hushiki jingine katika maandishi haya: usikubali mtu akukatishe dawa kwa siku moja. Nilikaa chini nikiinuka na kuanguka, nikiinuka na kuanguka, karibu mchana mzima. Nilisikia viti vikisogezwa. Nilimsikia Naomi akilia na kuchukuliwa. Nilimsikia mchungaji akisema kwamba pepo huyu ameondoka na kurudi na wenzake saba.

Jua lilipokuwa linapungua niliweza kukaa. Wanaume wa ukoo walikuwa bado pale, na baba mdogo wa Elia, ambaye ndiye mwenye sauti katika ukoo ule, alikuwa anakula. Nilimwambia kwa heshima zote, "Baba mdogo, nimekusikia ukisema umeshikwa na njaa. Ni nani aliyekushika?"

Akatia tonge jingine mdomoni. Nikaendelea. Niliwaambia kwamba kila mtu hapa anashikwa na njaa, anashikwa na mafua, anashikwa na haja, anashikwa na usingizi, na hakuna anayekwenda kumtafuta mshikaji. Hayo ndiyo waliyosema Wagiriki, jambo lile lile tunalolisema sisi kila siku. Mchungaji alikuwa akitazama viatu vyake. Naamini alijua kwamba nasema kweli, na naamini alijua hivyo toka siku ile sebuleni.

Baba mdogo alinawa mikono, akaifuta. "Maneno yako ni mazuri, mwalimu," alisema. "Mtoto atabaki."

Elia alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Nilimngoja aseme kitu. Nilimngoja hadi viti vikaanza kukusanywa.

Nilirudi Unyambwa kwa mama. Wiki mbili baadaye dereva wa bodaboda alileta sanduku langu la nguo, limefungwa kwa mpira, vyeti vyangu vimepangwa juu vizuri, havijakunjwa. Huo nao ulikuwa upole wa Elia.

Yaliyofuata ni ya kawaida, na kama unaumwa hiki ninachoumwa, kawaida ndiyo unayoitafuta. Nilianza vidonge upya, kidogo kidogo. Mzee mmoja Mhindi mwenye duka la dawa mjini ananiagizia vile vigumu kupatikana, na vikifika anapiga simu, na nikiingia anasukuma kiti kabla hata ya kusalimiana. Nilihamishiwa shule ya karibu. Mkuu wangu wa sasa ni mwanamama, aliisoma barua ya daktari mara moja tu, akanipa chumba cha kuhifadhia ramani, nilale humo dakika ishirini kila baada ya kipindi cha pili. Nafundisha nimekaa. Sipiki peke yangu. Siogi mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Mama anazeeka, na bado akisikia kitu kimedondoka anakuja mbio.

Ofisi ya ustawi wa jamii iliamua Naomi abaki kwa baba yake na awe anakuja kwangu likizo. Sasa yuko darasa la kwanza. Anakuja na begi lake, anamwamkia bibi yake, ananiamkia mimi, anakaa mkao mzuri. Nilidhani ni mtoto mkimya. Ilinichukua likizo mbili kugundua kwamba akitaka kucheka anatoka nje. Kwa bibi wa Mkalama amefundishwa kwamba akimchekesha mama, mama anakufa. Kwa hiyo anakwenda kuchekea uani na watoto wa jirani, nami nabaki ndani nasikiliza, ana kicheko kikubwa ambacho sijui amekirithi kwa nani. Akimaliza anasimama mlangoni, anajipangusa uso kwa mkono ule wenye kovu mpaka hakibaki kitu, ndipo anaingia.

Nilimweleza kwamba sifi. Nilimweleza kwamba nikianguka ninasikia, na ninarudi. Likizo nzima ya Desemba alitoka nje hivyo hivyo.

Jana ilikuwa siku yake ya mwisho kabla ya kuondoka. Nilikuwa nimesimama dirishani nakunja nguo zake, akaingia kutoka uani, midomo ameibana, kuna kitu kimemtokea huko nje na bado kimo usoni mwake. Hakujipangusa. Alikivuta kiti cha mama hadi nilipokuwa, akakisukuma kikagota ukutani ili kisirudi nyuma.

"Kaa kwanza, Mama," alisema.

Nikakaa. Akaniwekea mto ubavuni, akaanza kunihadithia.